Maswali ya Nyumbani: Silikoni ya Jikoni na Bafuni

Asalaam aleikum. Nilinunua bunduki ya silikoni na tyubu mbili ili nizibe mwenyewe kando ya sinki na pembe za bafu. Mstari umetoka na mawimbi, na kila nilipoupapasa kwa kidole ulizidi kuharibika. Je, kuna kifaa cha kunisaidia, au kazi hii ni ya mafundi tu? — Msomaji, Kisauni

Wa aleikum salaam, kaka. Kazi hii unaiweza. Mawimbi hayo yana sababu mbili: mdomo wa tyubu ulikatwa mpana mno, na silikoni iliguswa ikiwa imeshaanza kushika utando.

Tuanze na utando. Silikoni huganda kwa kunywa unyevu wa hewa. Dakika zilizoandikwa kwenye tyubu kwa kawaida zimepimwa kwenye joto la nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 50. Hewa ya Mombasa ina joto na unyevu zaidi ya huo, kwa hiyo utando hushika mapema kuliko ulivyoahidiwa. Jipe dakika 5, usitegemee 15. Ziba mita moja au moja na nusu, ilainishe, ndipo uendelee. Ukimaliza bafu zima kwanza halafu urudi kulainisha, kifaa kitaburuta utando na kuacha makunyanzi ambayo hayaondoki tena.

Ukishafunua tyubu, pachika mdomo wake wa plastiki na uukate kwa mshazari wa nyuzi 45. Ukitaka mstari wa milimita 6, tundu liwe la milimita 4 au 5. Wengi hukata tundu la kuingia kidole, kisha silikoni inamwagika na kazi inageuka ya kufuta. Kata kidogo, jaribu juu ya kipande cha katoni, ongeza ukiona haitoshi. Bunduki nayo iwe imara. Zile nyembamba za bei ya chini hupinda, msukumo ukaja kwa vishindo. Ukiona imeandikwa 12:1, maana yake nguvu ya mkono wako inazidishwa mara 12. Kwa silikoni ya kawaida inatosha. Unapofika mwisho wa mstari, bonyeza kile kichuma cha nyuma kwa kidole gumba ili kuachia msukumo, la sivyo silikoni itaendelea kutoka hata umeiweka chini.

Sasa kifaa cha kulainishia. Kidole hakifai, na sababu si uchafu peke yake. Kidole ni kipana: kinachimba katikati ya mstari na kuzitandaza kingo zikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Kingo hizo ndizo zinazobanduka kwanza, maji yakapenya chini yake. Tafuta vibapa vya plastiki au mpira vinavyouzwa kwa seti, kila pembe imekatwa kwa kipimo chake: milimita 6, 8, 10. Mabawa mawili ya kibapa yanagusa ukuta na kaunta, pembe iliyokatwa inauacha mstari na unene wake, na ziada inapanda juu ya kibapa. Kivute mara moja kwa mkono mmoja usiotetemeka, kifute kwa karatasi, endelea. Kurudia mara ya tatu na ya nne ndiko kunakoharibu.

Ili kibapa kiteleze, tia matone machache ya sabuni ya vyombo kwenye nusu lita ya maji na upulizie juu ya silikoni ikiwa imeshalazwa. Usipulizie kabla, kwa sababu sabuni ikitangulia kwenye kigae, silikoni haishiki. Ukipenda tepu ya karatasi badala ya sabuni, bandika pande zote mbili, milimita 6 kutoka kwenye pembe, lainisha, kisha ivue papo hapo silikoni ikiwa mbichi, ukiivuta kwa mshazari kuelekea nje. Tepu ikisubiri utando, itang'oa ukingo wote. Kwa anayeanza tunapendekeza tepu kwenye kaunta ya jikoni, ambako kila mgeni anaona, na maji ya sabuni na kibapa huko bafuni.

Kuhusu kiasi: mstari wa pembeni wenye milimita 6 kila upande hula tyubu ya mililita 300 kwa mita 16 hivi kwenye hesabu. Ukitoa kinachopotea, weka mita 12. Ukiwa ni mwanya wa kujaza, milimita 6 kwa 6, hesabu inashuka hadi mita 8. Mwanya unaozidi hapo usiujaze silikoni tupu. Sukuma ndani kamba ya povu iliyo nene kidogo kuliko mwanya, kisha ziba juu yake. Kamba hiyo inaifanya silikoni ishike pande mbili tu, ukuta na kaunta, iweze kunyooka vitu vinapocheza. Ikishika na chini pia, inachanika.

Usilowanishe kwa saa 24. Silikoni huganda kutoka juu kwenda ndani, takriban milimita 2 au 3 kwa siku, kwa hiyo mstari mnene unadai siku zaidi hata ukiwa mkavu ukiugusa. Na kama una hodhi la kuogea, lijaze maji kabla ya kuziba na uyaache hadi silikoni igande. Likizibwa tupu, siku utakapolijaza litashuka kidogo na kuuchana mstari.

Ukungu mweusi unarudi kwenye silikoni ya bafu kila baada ya miezi michache. Ninasugua kwa Jik mpaka mikono inawasha. Nikipaka silikoni mpya juu ya ile ya zamani, utakwisha? — Mama wa nyumbani, Likoni

Hapana, dada, tafadhali usipake juu. Silikoni mpya haishikani na silikoni iliyokwisha kuganda, na ukungu utabaki umefunikwa hapo katikati. Madoa meusi yakishaingia ndani, kusugua kunang'arisha uso tu.

Iondoe yote. Kata kingo zote mbili kwa kisu cha wembe, vuta utepe, kisha kwangua mabaki kwa kikwangulio cha plastiki ili usikwaruze vigae. Paka Jik iliyozimuliwa kwa maji, iache dakika 10, suuza kwa maji mengi. Tunakusihi hapa: usichanganye Jik na siki, wala na dawa ya choo yenye asidi, wala na spiriti. Ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na bafu dogo lisilo na dirisha si mahali pa kukutana na gesi hiyo. Baada ya kusuuza acha pakauke siku nzima, mlango wazi, bila mtu kuoga. Ndipo upanguse kwa kitambaa chenye spiriti, usubiri ikauke, uzibe.

Nyumba zinazotumia maji ya kisima yenye chumvi zina kazi ya ziada. Chumvi hubaki kwenye pembe kama unga mweupe, na silikoni hushika unga badala ya kigae. Suuza mara ya mwisho kwa maji matamu.

Nunua silikoni ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Dawa hiyo huisha polepole, na chakula cha ukungu ni povu la sabuni na mafuta ya mwili yanayobaki pembeni. Kupangusa pembe baada ya kuoga na kuacha dirisha wazi kunaongeza maisha ya mstari kuliko chapa yoyote ya dukani.

Jikoni kwetu kaunta ni ya marumaru, na nyuma yake kuna mawe ya Mazeras. Silikoni ilitoa harufu kali ya siki, baadaye ikabanduka yote kama utepe na kuacha doa kwenye marumaru. Kosa ni la fundi? — Msomaji, Mji wa Kale

Kosa lilianzia dukani. Harufu ya siki ni asidi ya asetiki inayotoka silikoni ikiganda. Kwenye kioo na vigae vya kung'aa aina hiyo ni nzuri. Lakini marumaru, chokaa, saruji na mawe ya matumbawe yote yana kalisi, na asidi inakula ule uso ambao silikoni ilipaswa kuushika. Inaozesha pia mabati na shaba. Nyumba za Mji wa Kale zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa hazifai kabisa kuzibwa kwa aina hii.

Tafuta tyubu iliyoandikwa "neutral", yaani isiyotoa asidi ikiganda, tena inayotaja mawe ya asili, kwa sababu baadhi ya silikoni zina mafuta yanayopenya kwenye jiwe na kuacha mpaka mweusi. Jaribu kwanza pembe isiyoonekana, subiri siku chache. Mazeras ni jiwe linalokunywa na lina vumbi: lipige brashi kavu, futa, na tumia tepu bila maji ya sabuni. Silikoni ikishaingia kwenye vitundu vyake, haitoki.

Je, choo kizibwe mzunguko mzima pale kinapokaa sakafuni? — Msomaji, Changamwe

Ziba mbele na pande, acha sentimita 5 nyuma. Kiungo cha chini kikivuja, maji yatajionyesha hapo badala ya kujikusanya chini ya vigae.

Tyubu niliyobakisha imeganda. Naitunzaje? Na je, silikoni inapakika rangi? — Msomaji, Mikindani

Chomeka skrubu ndefu mdomoni, zungusha tepu, iweke mahali pa baridi, si ndani ya gari. Ukirudi, vuta skrubu na kizibo kilichoganda kitoke nayo. Kagua tarehe ya mwisho kabla ya kulipa, maana silikoni iliyopitwa na wakati inaweza kukataa kuganda, ikabaki inanata wiki nzima. Rangi haishiki kwenye silikoni. Juu ya vigae, panapokutana na ukuta wa rangi na maji hayafiki, tumia kizibio cha akriliki badala ya silikoni.