Pikapu ya kuvuta kilo 3,500 na tela linaloyumba

Ndugu, unauliza kwa nini pikapu yako iliyoandikwa inavuta kilo 3,500 inayumba na tela la kilo 3,000 tu, huku bodi imejaa. Kwanza, ile 3,500 ni ya tela lenye breki zake. Lisilo na breki, mara nyingi mwisho ni 750. Pili, tafuta kwenye kitabu cha gari uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. Tuseme ni 6,000: gari likijaa watu na mizigo likafika 3,100, tela limebakiwa na 2,900, wauzaji waseme watakavyo.

Kinachosahaulika zaidi ni uzito unaokandamiza pale tela linapoungwa, kama asilimia 10 ya tela. Kilo 300 hizo zinahesabiwa kama mzigo wa bodi. Zikizidi, nyuma inakaa chini na usukani unakuwa mwepesi. Zikipungua, tela linapiga mkia. Kwa hiyo mzigo mzito upange mbele kidogo ya ekseli ya tela, kisha pita mizani.

Likiyumba njiani, achia mafuta taratibu, usikanyage breki ghafla. Na kabla ya kuongeza springi kwa kubahatisha, fundi akague kiungio na breki za tela.