Kabla hujavaa riflekta ya kazi ya serikali

Kwetu Ahero, kijana akipata kazi kwa mkandarasi wa barabara, mamake huwaambia majirani kwamba mtoto ameingia kazi ya serikali. Hata mimi nilitangazwa hivyo. Nilikuwa karani wa mahudhurio kwenye saiti moja kwa miezi 11. Wewe unayengoja lori la asubuhi, elewa hili: barabara ni ya serikali, lakini wewe ni wa aliyekuandika. Uliza ni nani, kampuni yenyewe au mkandarasi mdogo chini yake.

Pesa huja hivi. Kazi inafanywa kwanza, mhandisi anapima, hati ya malipo inapelekwa, kisha ni kungoja, pengine miezi. Kampuni kubwa nayo imewagawia wadogo mitaro na kalvati. Kila anayecheleweshwa anamchelewesha aliye chini yake, hadi kwa mshika sepetu. Mwezi wa nne, mkandarasi wetu wa kalvati alizima simu. Watu wake 14 walienda ofisini wakaambiwa hawajulikani. Mimi niliwajua, niliwaandika kila alfajiri. Lakini daftari halikuwa langu, na lilikuwa limefungiwa kabatini.

Mama mmoja aliyekuwa akikoroga zege alikuwa na daftari lake la shule. Kila jioni aliandika tarehe, kazi ya siku hiyo, foromani, na wenzake wawili waliokuwa naye. Hao watatu walienda ofisi ya leba Kisumu wakalipwa. Wale 11 sikusikia kwamba walipata kitu.

Kuna jambo linaloniuma hadi leo. Niliagizwa kuwaandika vibarua upya kabla mwezi haujaisha, kana kwamba ndiyo siku yao ya kwanza. Nilitii bila kujua sababu. Baadaye nilisoma Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 37: kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi, huhesabiwa kama mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, na kumwachisha kunahitaji notisi ya siku 28. Ukiona unaandikwa upya hivyo, siku zako za nyuma bado ni zako. Ziandike mwenyewe, piga picha ukiwa saitini, na usifute jumbe za M-Pesa za malipo.

NSSF nayo, akiba yako ya uzeeni, uifuatilie mwenyewe. Kukatwa kwenye mshahara ni jambo moja, kufika kwenye akaunti yako ni jingine. Ukiumia, toa taarifa siku hiyo hiyo, kwa maandishi, ubaki na nakala. Mwajiri ana siku 7 za kuripoti.

Na kama hukulipwa, usikae na deni hilo moyoni ukingoja mradi urudi. Madai ya kazi kortini yana miaka 3 tu. Nendeni pamoja mliofanya kazi kundi moja, kila mtu na kitambulisho na daftari lake, maana jina lako kwenye daftari la mwenzako ni ushahidi.