Guangzhou: Ukimaliza Kununua Mzigo, Fuata Wazee

Safari zangu tatu za kwanza Guangzhou, China, ziliishia Xiaobei, mtaa wanaofikia wafanyabiashara wengi wa Kiafrika. Mchana sokoni kuchagua mzigo, jioni mgahawani na Watanzania wenzangu, halafu kulala. Nilirudi Dar sina cha kusimulia zaidi ya bei. Ndiyo maana mgeni akiniuliza kule atapumzikia wapi, namwambia afuate wazee wa mji ule. Wao ndio wanaojua penye kivuli, upepo na raha ya bei nafuu.

Safari ya nne niliamka mapema nikaenda bustani ya Yuexiu, si mbali na Xiaobei, na kuingia ni bure. Nilikuta kina mama wanacheza muziki kwa mistari, wazee wanaimba, na kundi moja linapiga danadana kitu kidogo chenye manyoya, kinapita mguu hadi mguu bila kugusa chini. Nilisimama kutazama. Bibi mmoja akanipungia mkono niingie. Kichina sikujua hata neno, lakini nilicheza mpaka shati likalowa, na tangu hapo kila nikienda Guangzhou lazima nifike pale.

Alasiri nenda Shamian, kisiwa kidogo chenye miti mikubwa na majumba ya Waingereza na Wafaransa waliokodishiwa eneo hilo karne ya 19. Maharusi hupigia picha huko.

Jua likizama, shuka mtoni. Meli za watalii ni nzuri, ila mimi napenda pantoni ya abiria wa kawaida: nauli ni yuan chache tu, unakaa dirishani pamoja na watu wanaotoka kazini. Aliyezoea Kigamboni atajiona yuko nyumbani.

Usiondoke bila kunywa chai ya asubuhi mgahawani. Familia nzima hukaa kwa muda wa saa mbili, tatu, na vikapu vya vitafunwa vya mvuke mezani. Anayekumiminia chai mshukuru kwa kugonga meza kwa vidole. Kama huli nguruwe, uliza kabla ya kuagiza. Hata kitafunwa cha kamba huweza kutiwa mafuta ya nguruwe.

Simuni weka Alipay, programu ya kulipia inayopokea kadi za benki za nje, na ramani ya Amap. Na chukua kadi ya hoteli yenye anwani kwa Kichina. Usiku mmoja simu yangu ilizima nikiwa mbali. Nilimwonyesha dereva wa teksi kadi ile, akaisoma, akanifikisha mlangoni.