Anza Kusogea Mlangoni Mapema: Kwa Mdogo Wangu Anayekwenda Mumbai Peke Yake

Mdogo wangu, barua ya chuo umeshapata, viza iko njiani, na najua kinachokunyima usingizi si masomo. Ni ule mji. Mimi nilikwenda Mumbai peke yangu kutoka Tanga, sijawahi kuvuka mpaka wa nchi hata mmoja, na jioni tatu za mwanzo nililia. Nilikuwa nimelelewa jirani na maduka ya Wahindi, nikadhani India naijua. Sikuijua. Haya ninayokuandikia ndiyo ningependa mtu aniambie mimi kabla sijapanda ndege.

Ukitua, usikimbilie nje. Kwa kule asiye na tiketi ya kusafiri haingii ndani ya jengo la uwanja, kwa hiyo ukishapita mlango wa mwisho hurudi tena. Nenda msalani, badilisha dola kidogo, dai noti ndogondogo, na teksi ilipie kabisa kwenye dirisha la ndani. Ukinunua laini ya simu leo inaweza kuanza kufanya kazi kesho, na bila namba ya kule hata intaneti ya bure ya uwanjani inaweza kukugomea, maana namba ya siri ya kuingilia inatumwa kwenye simu. Anwani ya hosteli iandike kwenye karatasi. Na mtu akikupa miadi ya saa nane, ni saa nane yao, yaani saa mbili yetu. Mimi nilichelewa usajili kwa ajili hiyo.

Sasa treni. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Mumbai bila treni haikaliki, na kila nilichojifunza kuhusu mji ule nilijifunzia ndani ya behewa. Treni ya kwanza ya abiria India ilitoka hapohapo, Bori Bunder kwenda Thane, kilomita 34, tarehe 16 Aprili 1853. Mji ambao watu wake wamepanda treni miaka yote hiyo una adabu zake za treni, na hazijaandikwa popote. Wewe utaona msongamano tu. Wao wanaona foleni.

Siku yangu ya pili nilipanda Churchgate kwenda Dadar, saa kumi na mbili jioni. Ubao wa stesheni ulionyesha herufi F, yaani treni ya haraka inayoruka vituo. S ndiyo inayosimama kila kituo. Nikaingia behewa la wanawake, nikafurahi, nikasimama katikati nimeshika kishikio. Nilingoja treni isimame ndipo nianze kwenda mlangoni, kama ninavyongoja daladala ifike kituoni nimwambie konda anishushe. Mdogo wangu, pale hakuna konda wa kumwambia. Treni ilisimama Dadar chini ya dakika moja. Waliokuwa wakishuka walishaisha kumwagika, waliokuwa wakipanda wakaingia kwa nguvu ya mawimbi, na mimi nikarudishwa nyuma mgongo ukielekea dirishani. Treni ikaondoka. Nilishukia Bandra, kituo cha mbele yake, nikiwa natetemeka.

Nje nikaona bajaji, nikashukuru Mungu. Nikamwambia dereva Dadar, akakataa. Wa pili akakataa. Nikaamini wananikataa mimi kwa rangi yangu. Kumbe bajaji haziruhusiwi kuingia upande wa kusini wa jiji. Kule ni teksi nyeusi zenye paa la njano na mabasi. Aliyenieleza ni mama mmoja wa makamo, mfuko wa mboga begani, aliyekuwa ndani ya treni ileile na akaniona nilivyosukumwa. Alinishika kifundo cha mkono, akanirudisha stesheni, akapanda nami treni ya kurudi ingawa yeye alikuwa ameshafika kwake. Humo ndani akanifundisha.

Somo lenyewe ni hili. Vituo viwili kabla ya chako, unamgusa bega aliye mbele yako na kusema jina la kituo tu: "Dadar?" Akitikisa kichwa kushoto na kulia kwa ulaini, kama anayepima uzito wa kitu, usidhani amekataa, hiyo ni ndiyo, wewe kaa nyuma yake. Kama hashuki, atasema, na mtabadilishana nafasi palepale, mwili kwa mwili, bila mtu kukasirika. Naye aliye mbele yake atamuuliza vilevile. Ndani ya dakika chache behewa zima limejipanga lenyewe, wa Dadar mbele, wa mbali nyuma. Uliza pia kituo kitakuwa mlango wa upande gani, maana hubadilika. Treni ikisimama huhitaji hata kutembea, unabebwa.

Asiyeuliza ndiye anayesukumwa. Mimi nilikuwa nimenyamaza kwa adabu ya kwetu, mgeni hapigi kelele, na ukimya ule ndio ulionipeleka Bandra. Kule uliza, tena uliza kwa sauti. Mwanamke mkubwa kidogo mwite "didi", yaani dada, mwanamume mwite "bhaiya", kaka. Milango ya nyuso inafunguka.

Mengine ya treni kwa ufupi: begi livae kifuani, usisimame mlangoni hata wakiwa wengi wanaosimama, na ukienda karibu usipande treni ya haraka inayokwenda Virar jioni. Wanaokaa Virar wana safari ndefu, na ukiwajazia nafasi kisha ushukie njiani watakusema, na wana haki. Asubuhi umati unaelekea kusini, jioni kaskazini. Ukipata chumba kinachokufanya uende kinyume chao, kichukue hata kama kina bei juu kidogo.

Na usiogope lile behewa la wanawake. Saa za msongamano, watu wa reli wenyewe hukisia watu 14 hadi 16 wanasimama kwenye mita moja ya mraba, na mimi nilishafika mahali miguu yangu yote miwili haigusi sakafu sawasawa. Lakini hapohapo nimeona mama anamenya njegere za chakula cha usiku mapajani, msichana analala begani kwa asiyemjua, muuza hereni amening'iniza mali yake kwenye waya na wanawake wanazichagua. Benchi la watu watatu linakaa wanne. Wa nne ataomba kwa ishara ya mkono, nawe sogea.

Utashangaa maneno unayoyajua. Duka ni "dukaan", hesabu ni "hisaab", laki ni laki ileile, chai ni chai. Wakikumiminia chai ukaona imetosha, sema "bas", watakuelewa kama ambavyo mama angekuelewa ukisema basi. Mkate wa vada pav wanaouza nje ya kila stesheni, ndani yake ni kachori yetu ya viazi. Mimi siku ya nne niliuma ule mkate nimesimama kwenye ngazi za Dadar, na ndiyo jioni ya kwanza sikulia.

Kuna la uchungu pia, sitakuficha. Utatazamwa, muda mrefu, bila haya. Wengi ni udadisi. Wachache sivyo. Nilishaambiwa kwa simu chumba kipo, nikafika, mwenye nyumba akaniangalia usoni akasema kimechukuliwa. Inauma, na usijilaumu. Ila nyumba za wageni za bei nafuu zikikukataa, mara nyingi sababu ni nyingine: anayelaza mgeni wa nje anatakiwa apeleke taarifa zake serikalini ndani ya saa 24, na wengi wanaona ni usumbufu. Anza na hosteli ya chuo. Viza yako ikizidi siku 180, jiandikishe na ofisi ya wageni ndani ya siku 14 tangu ufike. Siku hizi inafanyika mtandaoni, na chuo kitakupa barua.

Utafika Julai au Agosti, na hiyo ndiyo mvua. Si vuli yetu. Tarehe 26 Julai 2005 zilinyesha milimita 944 kwa siku moja pale Santacruz, kitongoji cha Mumbai, mji ukasimama. Vyeti vyako vitie kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, nakala weka kwa mama Tanga. Ukisikia reli imejaa maji, usitoke, walimu wanaelewa.

Jumapili yako ya kwanza, asubuhi mapema, panda treni ya S kutoka Churchgate. Mapema, kwa sababu mchana wanafunga baadhi ya njia kwa matengenezo. Kaa dirishani, usiwe na pa kufika. Hesabu vituo: Marine Lines, Charni Road, Grant Road, Mumbai Central, Mahalaxmi, Lower Parel. Hapo simama, hata kama behewa ni tupu, mguse bega aliye mbele yako, umuulize: "Dadar?"