Uanagenzi: ada ya chuo ndiyo rahisi, kazi ipo gereji

Mkuu uliyeuliza jana, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema halmashauri yenu inataka kufadhili vijana 30 wajifunze ufundi magari kwa mtindo wa uanagenzi, yaani sehemu chuoni na sehemu gereji chini ya fundi, na wewe umepewa kazi ya kuandika bajeti na utaratibu wa usimamizi. Umeweka ada ya chuo, sare, cheti na posho za vikao. Nitakujibu kwa niliyoyaona: nimekuwa fundi mkuu kwenye gereji moja Dar, kisha mratibu kwenye chuo kilichopokea wanagenzi wa serikali kwa awamu mbili.

Bajeti yako imemlipia kijana kukaa darasani. Sehemu ya gereji hujailipia hata senti, na uanagenzi uko kule.

Awamu yetu ya kwanza ilikuwa miezi sita, miwili chuoni na minne kazini. Ada ililipwa na hakuna aliyelalamika. Mwezi wa kwanza wa gereji vijana wakaanza kupungua. Nilidhani ni utoro, nikapiga simu kwa wazazi. Kumbe kijana anatoka Mbagala, anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, na mchana anashinda na kipande cha muhogo. Baba yake anamwambia bora akabebe mizigo sokoni, jioni arudi na chochote. Sasa piga hesabu yako. Weka 4,000 kwa siku ya nauli na chakula, siku 22, miezi 6: ni 528,000 kwa kijana mmoja, milioni 15.84 kwa wote 30. Ukiona ni nyingi, punguza vijana wawe 20. Usipunguze nauli. Bora 20 wamalize kuliko 30 waandikishwe halafu mnahitimisha 13.

La pili ni fundi anayewapokea. Huku mtaani, mzazi akimpeleka mtoto kwa fundi, kuna kitu anatoa: pesa ya kupokelewa, au mtoto anafanya kazi bure muda mrefu hadi fundi aone gharama yake imerudi. Wewe unakuja na barua yenye muhuri, unamletea watoto watatu kwa miezi minne, hutoi kitu. Atawapokea, kwa kuwa barua ya serikali haikataliwi. Halafu atawafanya spana boi wa kudumu: kuosha vipuri kwa dizeli, kushika taa, kwenda kununua chapati. Nilimkuta kijana wetu mmoja wiki ya tisa hajafungua hata plagi. Fundi wake hakuwa mtu mbaya. Aliniambia, "Mwalimu, kila nikimwachia afungue, nachelewesha gari ya mteja. Hizo saa nani ananilipa?" Sikuwa na jibu.

Awamu ya pili tulitenga fungu dogo kwa kila fundi, tukalitoa nusu mwanzo na nusu baada ya kijana kupimwa kwa vitendo. Tukanunua pia injini mbili mbovu za kufungua na kufunga, ili kijana aharibu hizo na asiharibu gari ya mtu. Na tukaweka ukomo: fundi mmoja, wanagenzi wawili. Wa tatu anakuwa mtazamaji.

Hapa kuna mtu ameandika juu kwamba waajiri wabebe gharama kwa sababu tayari kuna SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri. Tuiangalie vizuri. Tozo hii ilikuwa 6% ya jumla ya mishahara, ikawa inashushwa, na Julai 2023 ikafika 3.5%. TRA, mamlaka ya mapato, inakusanya, na sheria inataka theluthi moja iende mfuko wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Kwa kiwango hicho, mwajiri mwenye mishahara ya milioni 20 kwa mwezi anatoa laki saba. Lakini gereji niliyofanya kazi ililipa kila mwezi na haikupata nafuu yoyote kwa kuchukua wanagenzi, aliyefundisha na asiyefundisha walilipa sawa. Kenya angalau NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, inatoza shilingi zao 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na mwajiri aliyefundisha ana njia ya kudai kurejeshewa. Tena huku kwetu, tangu 2021 mwenye wafanyakazi chini ya 10 halipi SDL, yaani karibu gereji zote za Gerezani na karakana za Keko, na ndiko watoto wengi wanakojifunzia. Kwa hiyo usiandike kwenye andiko lako "mchango wa mwajiri" kwa kutegemea SDL. Fundi wa watu wanne haijui hiyo tozo.

Usimamizi sasa. Daftari la mwanagenzi mtalichapisha, kila mtu huchapisha. Swali ni nani analisoma. Awamu ya kwanza nililetewa madaftari yamejaa vizuri kabisa: saini za miezi minne, kalamu moja, mwandiko mmoja, hadi Jumapili na Idd wamefanya kazi. Yalikuwa yamesainiwa siku moja, siku ambayo fundi alisikia wakaguzi wanakuja. Tangu hapo nikawa naenda bila taarifa, na daftari silianzi. Namwambia kijana, "Nioneshe gari uliyoigusa wiki hii, ulifanya nini?" Dakika kumi zinatosha. Weka pesa ya mafuta ya mratibu kwenda kila gereji angalau mara moja kwa mwezi. Isipokuwemo kwenye bajeti, ukaguzi utafanyika kwa simu, na kwa simu kila kitu kiko sawa.

Chuo nacho msikilipe kwa idadi ya walioandikishwa. Nasema hivi nikiwa nimekaa upande wa chuo, wenzangu watanisamehe. Ukilipa kwa vichwa siku ya kwanza, utapata wanagenzi hewa. Gaweni mara tatu: kuanza, katikati baada ya mahudhurio ya gereji kuhakikiwa, na mwisho baada ya kijana kufanya mtihani wa VETA. Wale watakaokuja wakiwa tayari wanajua kazi ya mtaani, miaka mitatu minne ya spana, msiwarudishe miezi sita. Wapelekeni kwenye urasimishaji wa ujuzi, wapimwe, wapewe mafunzo ya kuziba mapengo na cheti chao. Ni nafuu zaidi.

Halafu angalia kalenda. Sisi tulianza Machi. Gereji ikaangukia Mei hadi Agosti, na tarehe 30 Juni mwaka wa fedha ukafungwa. Posho ya Julai vijana waliipata Septemba wakiwa wameshatawanyika, na seti za spana walizoahidiwa zilifika chuoni baada ya mahafali. Anzeni Septemba hivi, pesa ya robo ya kwanza ikiwa imeshaingia, mmalize kabla ya Aprili.

Na kuhusu kamati uliyoorodhesha: umeweka maofisa saba na hakuna fundi hata mmoja. Toa wawili, ingiza mafundi wawili wanaopokea vijana, na posho yao ya kikao iwe sawa na ya ofisa. Fundi akija kikaoni amefunga gereji.