Milan kwa mara ya kwanza: makosa yangu, usiyarudie

Kosa la kwanza nililifanya nikiwa bado Mombasa: sikukata mapema tiketi ya kuiona Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci. Nilidhani ni kama makumbusho mengine, unafika mlangoni, unalipa, unaingia. Wapi! Picha ile imechorwa ukutani, kwenye ukumbi wa kulia wa watawa, ubavuni mwa kanisa la Santa Maria delle Grazie. Kwa vile rangi zake ni dhaifu, watu huingizwa wachache wachache, robo saa kila kundi, na tiketi huisha wiki nyingi kabla. Nikaishia kupiga picha ukuta wa nje. Ukishapata viza tu, kata tiketi hiyo.

La pili, nguo. Kusikia mji wa mitindo, nilijaza sanduku mavazi ya kumetameta na viatu vya visigino. Kumbe wenyeji wana koti jeusi lililowakaa sawasawa na viatu safi vya kutembelea, basi. Njia nyingi za katikati ni mawe na reli za tramu; kisigino changu kilinasa siku ya kwanza. Mtandio ndio ulionifaa, maana kanisa kuu la Duomo halikuruhusu kuingia mabega na magoti wazi. Panda hadi juu ya paa ukatembee kati ya minara na masanamu. Tiketi ya ngazi ni nafuu kuliko ya lifti, ila magoti yatakusimulia.

Kutoka uwanja wa ndege wa Malpensa, kama kilomita 50, teksi isahau. Panda treni ya Malpensa Express hadi stesheni ya Cadorna au Centrale. Pale uwanja wa Duomo, weka mikono mfukoni: kuna vijana watakaokufunga uzi mkononi kama zawadi, kisha wadai pesa.

Na kahawa. Kwetu ni kikombe kidogo na baraza la kukalia. Milan kikombe ni kidogo vilevile, lakini hunywewa wima, kwenye kaunta. Nilikaa mezani karibu na Duomo, bili ilipokuja nikaisoma mara mbili.

Siku ya nne, nimeshaikinai risoto ya zafarani, wali wa huko, nilikwenda mtaa wa Porta Venezia kwenye migahawa ya Waeritrea na Waethiopia. Nikala injera, ule mkate wao mpana laini, kwa mkono. Mama mwenye mgahawa akaleta kahawa, akanivutia kiti.