Kidole gumba cha ami yako

Mwanangu,

Waalaikumu salaam. Umeniuliza kama tuuze shamba la Konde ili ami yako apelekwe Uswisi, kwa wale madaktari wa Lausanne. Kila nikikaa kukujibu, nauona ule mkarafuu.

Alipoanguka alikuwa na akili zake, akisema miguu haisikii. Mimi ndiye niliyesema "mbebeni". Mmoja akamshika makwapani, mwengine miguuni, tukampeleka garini amejipinda kama gunia, na mlango wa banda ulikuwa pale pale wa kumlazia. Labda mti ulivunja mfupa wa mgongo tu, ugwe wa neva uliomo ndani tukaukata sisi. Labda ulishakatika. Miaka tisa nabishana na nafsi yangu.

Na hospitali tukamwacha chali hadi kidonda cha kulalia kikaingia ngumi. Ndiyo maana nakwambia siku zote: ageuzwe kila saa mbili. Daktari Ludwig Guttmann aliwageuza hivyo wagonjwa wake wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, tangu 1944, usiku na mchana, wakaishi watu waliokuwa wakihesabiwa maiti. Ageuzwe kwanza, mengine baadaye.

Huyo Mholanzi uliyenitumia habari zake, Gert-Jan Oskam, nimemsoma mara tatu. Aliumia kwa baiskeli 2011. Mwaka 2023 hao madaktari wa Lausanne wakaeleza walivyomwekea vifaa kichwani vinavyosoma nia yake ya kutembea, na vyengine mgongoni, chini ya jeraha, vinavyoamsha miguu. Anatembea kwa magongo. Nimefurahi, wallahi. Lakini ugwe wake haukukatika wote, nyuzi chache zilisalia. Neva ya mkono ikikatika huweza kuota tena polepole. Za ugwe huzuiwa na kovu na kemikali za mwili wenyewe. Kwa hiyo swali si Uswisi, mwanangu. Swali ni ami yako amebakiwa na nini, na hilo tangu mwaka ule hakuna aliyempima.

Ungenibana leo ningesema tusiuze. Ningesema hivyo wiki iliyopita bila kusita. Ila Ijumaa nikimkosha miguu akasema, "Kaka, maji baridi haya." Kata ilikuwa juu ya kidole gumba cha kulia. Nikanyamaza. Apimwe upya kwanza, nauli ya kwenda Dar ninayo, shamba tutalizungumza ukija.

Jana nikamwagia tena kidole kile kile, sikumwambia kitu, naye ameelekea dirishani. Akasema, "Baridi."

Babako